Kwanini mtu afukie hela feki? Sarafu bandia za fedha kwenye hazina za zama za kati

MbebaBoksi
Wakuu habari za muda huu. Kuna jambo limenikaa kichwani wiki ya pili sasa, nimeona nilimwage huku maana huku ndio kuna kila aina ya kichwa.

Nipo Uswidi, maisha ni yale yale. Mwezi wa saba nikapata likizo nikasema safari hii sikai ndani kuangalia ukuta, nikapanda meli pale Nynäshamn mpaka Visby, masaa matatu na ushee, ndio mji wenyewe wa kisiwa cha Gotland. Mji wa zamani una ukuta wa mawe umeuzunguka, ukipita vichochoro vyake unaikumbuka kidogo Mji Mkongwe ila upepo unakukumbusha haraka uko wapi. Mvua ikanikimbiza nikaingia makumbusho, na humo ndio nikakutana na hazina ya Spillings, jina la shamba ilikofukuliwa.

Aisee. Sarafu za fedha 14,295, bangili za fedha 486, na vipande vipande vya kukatakata, jumla kilo 67. Ukijumlisha na zile shaba kuukuu zilizokuja kupatikana pembeni ni mzigo wa mkokoteni. Sarafu nyingine bado zimegandana kama kashata.

Zilivyopatikana nayo ni sinema. Julai 1999 watu wa TV walikuwa wanatengeneza kipindi kuhusu wezi wa mambo ya kale, maana huku kuingia shambani na detekta ya vyuma bila kibali ni kesi kamili. Wakaenda na wataalamu kwenye hilo shamba kwasababu zamani zilishawahi kuokotwa sarafu pale, wakapiga picha zao, wakafunga vifaa, wakaondoka. Wataalamu wakabaki kidogo. Dakika kama 20 tu detekta ikaanza kulia. Masaa mawili baadae, mita 3 pembeni, ikalia tena na safari hii mzigo ulikuwa mkubwa mpaka mashine ikachanganyikiwa ikagoma kabisa. Mwenye shamba alikuja kupewa zawadi na serikali zaidi ya kroni milioni 2. Wale wa TV sijui walilalaje siku hiyo.

Sasa mzigo wenyewe ulifukiwa chini ya sakafu ya jengo, miaka ya baada ya 870 hivi, na karibu sarafu zote ni dirhamu za dola ya Kiislamu, zimepandishwa mito ya Urusi mpaka Baltiki na wale wafanyabiashara wa Kiviking ambao sinema zinatuonesha wakipiga watu mashoka tu. Na ndani ya hizo dirhamu kuna za kuiga. Moja ina jina kabisa, inaitwa sarafu ya Musa, kwasababu pale penye "Muhammad rasul Allah" imeandikwa "Musa rasul Allah". Wanasema walioigonga, yaani walioitengeneza, ni Wakhazari, wale watu wa chini ya mto Volga ambao wakubwa wao waliingia dini ya Kiyahudi, mwaka 223 Hijria, kwa hesabu ya kizungu ni 837 au 838. Na kwenye hazina nyingine za Ulaya kuna hizi za kihuni zaidi, ndani shaba, nje ngozi nyembamba ya fedha.

Swali langu ndio hili. Mtu anayefukia hela anafukia akiba yake. Unachimba usiku, unaficha hata jirani asijue, halafu unafukia feki? Alitapeliwa? Alijua? Au sisi ndio hatuelewi maana ya feki?

Kipara Ng'oto
Nipo siti ya mbele, karanga ninazo.

Ngosha77
Mkuu uzi mzuri sana, sasa na mimi naomba msaada humu humu wakati watu hawajajaa. Nina rupia ya Mjerumani ya mwaka 1890, ina yule mfalme kavaa kofia ya chuma yenye ndege juu, nyuma ina simba na mnazi. Aliyeniuzia alisema ni ile yenyewe, inavuta punje za mchele. Soko lake liko wapi? Wenye mawasiliano njooni inbox.

Kipara Ng'oto
Hahahaha Ngosha bana. Kila uzi wa historia lazima atokee mtu wa rupia. Inavuta mchele, maharage nayo inapika?

SonaraWaMakadara
Salaam kwenu. Mie ni sonara, kazi ya babu, tuko Mombasa. Hizo sarafu za Gotland sijaziona ila kazi ya kujua hii ni fedha au si fedha ndiyo niliyokulia, kwa hivyo nawaambieni ninachokijua.

Ndugu MbebaBoksi, hukuona mikwaruzo kwenye zile dirhamu? Vijichanjo vidogo vidogo pembeni ama katikati, kama mtu kazidonoa kwa ncha ya kisu? Hizo si ajali. Wale Waviking hawakuwa wakihesabu sarafu, walikuwa wakipima uzani. Kwao dirhamu, bangili na kipande cha bangili ni kitu kimoja, vyote vyaenda kwenye mizani. Sasa uzani peke yake haukwambii kitu kama ndani ni shaba ama risasi, kwa hivyo kila anayepokea achanja kidogo aone rangi ya ndani na aone kama ni laini. Fedha safi ni laini, kisu chazama. Sarafu iliyopita mikono kumi ina machanjo kumi. Mama akiniletea bangili leo nafanya yayo hayo, nakwangua kidogo kwa tupa pahali pasipoonekana, halafu natia tone la tindikali, ikichemka rangi ya kijani najua hapa kuna shaba na huyu mama kaingizwa mjini.

Za kuchovya ndizo zenye historia refu. Zamani hakuna umeme wa kuchovya kama huu wa sasa. Mtu achukua kipande cha shaba, akifungia jani jembamba la fedha juu na chini, akitia motoni mpaka vishikane, kisha agonga muhuri kwa nyundo. Ikitoka yang'ara kama ya mfalme. Tatizo lake ni ukingo, jani huchanika pembeni, na miaka mia kadhaa udongoni shaba ya ndani yapata kutu ya kijani yachomoza nje. Ndiyo maana leo zinajulikana kwa macho tu, lakini siku ile ilipotoka kwenye moto hungeijua.

Ya pili ni ya kiufundi zaidi na hii twaijua masonara wote. Uchanganye fedha na shaba nusu kwa nusu hivi, kitu chatoka chekundu chekundu. Ukikipasha moto shaba ya juu yageuka nyeusi, ukikitia kwenye siki na chumvi ama asidi ile nyeusi yatoka, pale juu pabaki fedha tupu nyeupe. Ukiisugua yang'aa. Ndani bado ni nusu. Na udongo nao hufanya kazi hiyo hiyo, hula shaba ya juu na kuacha fedha, kwa hivyo hata hizi mashine za eksirei ukiipima sarafu ya kale juu juu bila kuikwangua zaweza kukupa jibu la uongo, zakwambia safi kumbe ni ngozi tu.

Na mawe yao ya mizani pia mkayatazame. Yale ya mviringo, ndani chuma nje ganda la shaba nyeusi. Ukitaka kuiba kwa kupunguza jiwe lazima utoboe ganda, na chuma kikipata hewa chafanya kutu kikakuumbua. Watu hawa walikuwa hawaaminiani hata kidogo wallahi, na ndiyo biashara ilivyo.

MbebaBoksi
Mzee Sonara umeua. Na ni kweli, niliona vile vichanjo nikadhani ni majembe ya wakulima!

Wakili wa Shetani
Tuanze na lugha. Sisi wenyewe "fedha" ni hela na "fedha" ni madini, neno moja. Kwa hiyo hela ya fedha isiyo na fedha sio fedha, mmenipata? Kwa yule Mkhazari mambo ni tofauti. Kama ile sarafu ya Musa ina uzito wake na fedha yake safi, feki iko wapi? Kaandika jina jingine tu. Kwa mtu anayepima kwenye mizani hiyo ni hela kamili. Sasa MbebaBoksi unauliza kwanini afukie feki, mimi nakwambia hakufukia feki, alifukia fedha. Feki ni kwetu tunaosoma maandishi, yeye hakujua hata kusoma.

Bint Mtambwe
Hapo kwenye kusoma ndipo nilipocheka mie. Makumbusho kubwa ya Ulaya, sarafu imekaa udongoni miaka elfu na ushei, na mtoto yeyote wa chuoni kwetu Pemba ukimpa ile sarafu ya Musa aisome ataguta pale pale, maalim hii imekosewa. Kalima ipo upande wa pili vizuri tu, halafu huku Musa. Kuna na zile nyingine za kuiga ambazo aliyechonga muhuri hajui herufi hata moja, kachora michoro ya kuparurana kama kuku kapita kwenye wino, wala hujui aanzie kulia wala kushoto. Wale ndio hawakuwa na haja ya kusoma, walikuwa wataka kitu kifanane na dirhamu ya Samarkand kwa mbali.

Na MbebaBoksi wangu, usende mbali hivyo kutafuta hazina ya sarafu za fedha. Mtambwe Mkuu, Pemba, mwaka 1984 zilipatikana sarafu za fedha zaidi ya 2,000 pamoja na dinari chache za dhahabu za kutoka nchi za Waarabu, mpya yao ya miaka ya 1060. Na zile za fedha si za Baghdad wala si za Misri, ni zetu, za watawala wa pwani hii, vijisarafu vidogo hata ukiziweka ukuchani zakaa. Watu wakisema pwani tulikuwa na kauri na shanga tu mie huwa nawaonesha Mtambwe.

Jambo ninalolipenda ni kuwa sarafu za pwani, hizo na zile za shaba za Kilwa, zina vina. Kweli. Upande mmoja jina la mtawala, sema Sulaiman bin al-Hasan, upande wa pili kuwa yeye amtegemea Mola mwenye neema, na mwisho wa huku na mwisho wa huku vyalingana kwa sauti. Sarafu ni ubeti. Sasa fikirini mtu kataka kuighushi hiyo na hajui Kiarabu, atakosea kina tu, na mswahili akiikosa kina ataitupa hata kama fedha yake ni nzuri.

Kipara Ng'oto
Sarafu ni ubeti 😂 dada umenifurahisha. Yaani konda anakurudishia hela unamwambia hii haina mizani nibadilishie.

Kobe Mzee
Wakili hoja yako ni nzuri kwa Gotland ya karne ya 9 ila haifiki mbali, maana ukija sehemu ambazo watu wanahesabu sarafu badala ya kupima mambo yanakuwa mengine kabisa. Nenda Uingereza ya zama za kati. Pale peni moja ni peni moja kwasababu mfalme kasema, ina gramu kama 1.44 na fedha asilimia 92.5, na hupimi kila siku sokoni, unaangalia sura ya mfalme unapokea. Hapo ndipo feki inaanza kulipa.

Nitatoa mfano wa Edward wa Kwanza. Mwaka 1279 alitoa peni mpya nzuri sana, kila mtu Ulaya anaitaka, biashara ya sufu yote inaenda nayo. Mabwana wa Flanders, Brabant, Hainaut (pande za Ubelgiji ya leo) na jirani zao wakaona mbona sisi hatugongi? Wakagonga za kwao, ukubwa ule ule, msalaba ule ule nyuma na vile vidoti vitatu vitatu kwenye pembe, mbele kichwa cha mtu. Ila badala ya taji wakaweka shada la maua, au kichwa wazi. Jina kwenye ukingo ni lao wenyewe, hawakudanganya. Fedha ndio pungufu kidogo. Waingereza wakaziita crockard na pollard. Kufika miaka ya 1290 mwishoni zimejaa nchi nzima maana mfalme alikuwa vitani na hela nzuri inatoka nje, hizi zinaingia. Watu wanajua kabisa hizi sio zenyewe lakini zinapokelewa kwasababu jirani naye anapokea.

Mfalme akafanya nini? Krismasi ya 1299 akatangaza kuanzia leo moja yake ni nusu peni. Pasaka ya 1300 hazina thamani tena, pelekeni zikayeyushwe. Fikiria wewe una mtungi wa hizo chini ya kitanda.

Miaka hamsini baadae wakaja nazo wengine, za Luxembourg, zile za Yohana Kipofu yule mfalme aliyeuawa vita ya Crécy 1346 akiwa haoni. Hizo zilikuwa mbovu zaidi mpaka sheria ya uhaini ya 1351 ikazitaja kwa jina, kwamba ukiingiza hela ya uongo inayoitwa Lushburgh ukijua ni ya uongo, wewe ni mhaini sawa na aliyetaka kumuua mfalme. Mwanaume alikuwa anaburutwa na kunyongwa, mwanamke anachomwa moto. Kwa peni!

Kwa hiyo swali la MbebaBoksi linarudi kwa nguvu. Hazina za Uingereza na Scotland za wakati ule ukizifungua unakutana nazo hizo za kuiga zimechanganyika na za Edward. Aberdeen mwaka 1886 walichimbua chombo chenye sarafu 12,267. Na zipo zilizofukiwa hata kabla ya hizo peni mpya za Edward, Colchester barabara ile ile moja walipata mara mbili, 1902 karibu 11,000 na 1969 zaidi ya 14,000, Brussels 1908 zaidi ya 140,000 kwa mpigo. Wataalamu hukaa miaka wanazichambua moja moja, hii imegongwa London, hii Canterbury, hii ya kuiga.

MbebaBoksi
Kobe subiri kwanza. Mimi nikipata noti chakavu na noti mpya, chakavu nampa konda na mpya naweka kwenye godoro, kila mtu anafanya hivyo, si ndio? Sasa mtu wa 1300 naye si angefanya hivyo hivyo, peni nzuri chini ya sakafu, zile za shada la maua anazimalizia sokoni?

Kobe Mzee
Ndio na ndivyo walivyofanya wengi. Hapo umegusa kitu ambacho watu wanakisahau: hazina sio picha ya soko. Ni picha ya kile mtu alichochagua kubaki nacho. Kwa hiyo ukikuta feki 5 kwenye sarafu 1,000 zilizofukiwa usije ukasema sokoni kulikuwa na feki 5 kwa 1,000, sokoni zilikuwa nyingi zaidi, huyu alishazichuja. Zilizobaki ni zile zilizompita macho, au zile ambazo hakuona sababu ya kuzichuja kwasababu zilikuwa karibu sawa na orijino.

Ila kuna wanaofukia bila muda wa kuchagua. Vita vinakuja, unabeba kilichopo. Tutbury kule mto Dove 1831 wafanyakazi wakichimba mtoni walikutana na sarafu zinazokadiriwa 360,000, inasemekana ni hazina ya Earl wa Lancaster aliyekimbia jeshi la mfalme 1322, hiyo wala haikufukiwa ilizama tu. Watu wakaingia mtoni na majembe na ndoo mpaka askari wakaletwa kulinda. Mzigo wa namna hiyo hauchujwi, unakuwa na kila takataka iliyokuwa kwenye sanduku siku hiyo.

Wakili wa Shetani
Haya, na serikali yenyewe ikighushi? Mbona hamsemi hilo. Mfalme akipunguza fedha kwenye peni inaitwa sera, mimi nikipunguza inaitwa uhaini.

Kobe Mzee
Wakili leo umeamka vizuri. Kweli, Philippe wa Nne wa Ufaransa alipunguza fedha kwenye sarafu mpaka watu wake wakamwita mghushi wa hela. Ila kuna kisa cha upande wa pili kinachonifanya ninyamaze kila nikikikumbuka. Henry wa Kwanza wa Uingereza, 1124. Askari wake walioko Normandy wakalipwa mshahara, wakaenda sokoni, hela zinakataliwa, zimejaa bati. Wakalalamika. Mfalme hakuunda tume. Akamwagiza askofu Roger wa Salisbury awaite wagonga sarafu wote wa nchi waje Winchester wakati wa Krismasi, wale walioajiriwa rasmi wenye majina yao kwenye sarafu. Wakafika mmoja mmoja. Kumbukumbu zinasema kila mmoja akakatwa mkono wa kulia na kuhasiwa. Kabla ya siku kumi na mbili za sikukuu hazijaisha kazi ilikuwa imekamilika, na mwandishi wa kumbukumbu za wakati ule anaandika kwamba ilikuwa haki kabisa maana waliiharibu nchi.

Na kabla ya hapo huyo huyo Henry alishachoka na watu kukataa peni. Watu walikuwa wanazikunja, wanazivunja kuona ndani, na ikishavunjwa hakuna anayeipokea. Akaamuru kila peni itoke ikiwa imeshachanjwa ukingoni tayari. Yaani ile donoa aliyosema Sonara, mfalme akaifanya yeye mwenyewe kiwandani ili ubishi uishe. Hizo peni zenye mkato ukingoni zipo mpaka leo.

SonaraWaMakadara
Hii ya Henry naifahamu kwa namna yangu. Mteja akija na wasiwasi namkatia mbele yake, aone mwenyewe. Akishaona yuatulia, hata kama bei niliyomwambia ni ile ile ya mwanzo.

Bint Mtambwe
Na wale wa Gotland walozika ile ya Musa mie namuunga mkono Wakili kidogo. Kaka zao hao hao ndio walokuwa wakiiga za Waingereza. Uswidi mfalme Olof, kiasi mwaka 995, kagonga peni Sigtuna zenye kuigiza za Æthelred wa Uingereza, na Dublin mfalme wa Kiviking Sihtric kafanya vivyo hivyo, nyengine hata jina kaacha la Æthelred. Yule Æthelred ndiye alokuwa akiwalipa wasimpige. Wampiga, wachukua hela zake, kisha wamuiga hela zake. Hao hawaoni haya. Na zilizokwenda Uswidi ni nyingi mpaka leo wachimbaji wazipata zaidi kule kuliko kwao Uingereza.

Na ile hazina ya Cuerdale, ile ya mto Ribble huko Uingereza ya mwaka 1840, sarafu 7,000 na zaidi, humo zimo peni kadhaa wa kadhaa zenye jina la Alfred ambazo Alfred hakuzigonga. Wamezigonga maadui zake waliokaa mashariki mwa nchi yake. Wafanyakazi walozifukua waliambiwa kila mmoja achukue moja tu, ziliobaki za malkia. Mie najiuliza wangapi walichukua ya Alfred mwenyewe na wangapi walichukua ya adui yake, na hakuna alojua.

Ngosha77
Wakuu mmenogesha lakini mmenisahau. Rupia yangu.

SonaraWaMakadara
Ndugu Ngosha, kwanza ondoa habari ya mchele. Fedha haivuti kitu, hata sumaku haishiki. Fanya hivi, huna haja ya kuichanja. Tafuta mizani ndogo ya kidijitali yenye kusoma mpaka sehemu ya mia ya gramu, sonara yeyote anayo. Rupia ya kweli ya 1890 ina gramu 11.66 na fedha yake ni 917 kwa 1,000. Ipime kavu kwanza, andika. Kisha weka kikombe cha maji juu ya mizani, irudishe sifuri, funga rupia na uzi mwembamba uiteremshe majini ielee katikati, isiguse chini wala pembeni. Namba utakayoisoma ndio ujazo wake. Gawanya uzani kwa hiyo namba. Ya kweli yakupa 10.3 hivi. Shaba yakupa chini ya 9, shaba nyekundu ama ya njano. Hii hesabu Waislamu wa zamani waliifanya kwa mizani za maji kabla ya mashine zote, al-Khazini aliifanya vizuri miaka 900 iliyopita.

Kipara Ng'oto
Ngosha nenda kapime, tunakusubiri. Nimeshaongeza karanga.

MbebaBoksi
Wakati tunamsubiri Ngosha: nimekaa nimefikiria, nadhani nilikosea swali toka mwanzo. Nilidhani aliyefukia alikuwa na makundi mawili kichwani, orijino na feki, kama sisi. Kumbe yule wa Spillings alikuwa na kundi moja tu, vinavyozama kisu na visivyozama. Sarafu ya Musa ilizama kisu. Ila yule wa Colchester hili jibu halimfai, yule alikuwa anahesabu.

Kobe Mzee
Na yule wa Colchester wa kwanza aliweka zake kwenye chombo cha risasi, akafunga, akafukia, na hakurudi. Hajulikani jina. Kama alijua zilizomo zote ni nzuri au hapana, hilo kaenda nalo.

Wakili wa Shetani
Labda alijua. Labda aliona bora zikae chini kuliko azitoe sokoni wamkate mkono.

Ngosha77
Wakuu nimerudi. Nilienda kwa sonara mmoja hapa mtaani akanisaidia. Kavu imesoma 9.41. Kwenye maji imesoma 1.11. Nimegawanya mara tatu kwa simu, 8.48. Yule sonara akaangalia ukingo kwa lenzi akanionesha pana njano imechomoza, akacheka, mimi sikucheka.

Niliinunua laki 3 na nusu mwaka juzi, hela ya mbolea.

Kipara Ng'oto
Dah pole sana mkuu. Leo sina utani.

SonaraWaMakadara
Pole ndugu yangu. Sasa usimuuzie mwengine.

Ngosha77
Siuzi mzee wangu. Ila nyumbani mama watoto alishaniuliza mara mbili ile rupia ilifikia wapi, nikamwambia inasubiri mteja kutoka Dar. Nimeitia kwenye kopo la mafuta ya kupaka, nimefunga na nailoni, jana usiku nimeichimbia nyuma ya banda la mbuzi.